Uzi: Miaka sita nimeendesha bodaboda, lakini bajaji nimelazimika kujifunza upya

Mleta uzi (Rangi Tatu)

Wakuu, habari za kazi.

Mwaka huu nilipata tajiri, yaani mwenye chombo, aliyekuwa tayari kunipa bajaji ya mkataba, kwa sharti moja ambalo mwanzoni lilinikera: nilete cheti cha mafunzo na leseni yenye daraja linalohusika, ndipo tutie saini. Mimi nimeendesha bodaboda miaka sita nikiwa na kijiwe Mbagala, sijawahi kumwangusha abiria, na pale kijiweni karibu kila mwenye bajaji alijifunza kwa jioni mbili kwenye uwanja wa mpira, akifundishwa na rafiki yake kwa malipo ya soda na mafuta. Niliona tajiri ananipotezea muda. Mafunzo nimeyamaliza wiki iliyopita, na ninaandika uzi huu kwa sababu jambo lililonipata siku ya pili lilinitisha, nami nina hakika waendesha bodaboda wengi wanaohamia kwenye matairi matatu wanalo mwilini bila kulijua.

Habari ya karatasi niipitie haraka. Leseni ya pikipiki ya kawaida haimruhusu mtu kuendesha bajaji. Pikipiki ziko katika madaraja A na A1, vyombo vya matairi matatu vya jamii hiyo viko A2, na anayejifunza huanza na leseni ya kujifunzia ya daraja H. Nadhani kinachotuchanganya ni kibao cha namba, kwa kuwa bajaji nayo husajiliwa kwa herufi MC kama pikipiki, basi mtu huona ni pikipiki ileile iliyoongezwa tairi na turubai.

Chuo sitakitaja. Tulikuwa wanafunzi saba, na mafunzo yalichukua siku kumi kwa bajaji mbili na guta moja la injini, yaani matairi matatu ya kubebea mizigo. Ada yangu ililingana na hesabu ya siku nane hivi (fedha ambayo dereva humpelekea tajiri kila siku), kwa hiyo anayesema ni ghali afanye mahesabu yake mwenyewe. Siku ya kwanza ilikuwa ya darasani: alama za barabarani, kipaumbele kwenye kipilefti, vivuko vya waenda kwa miguu, na onyo kuhusu njia za mwendokasi ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam amechoka kulisikia. Mchana tulitolewa nje kukijua chombo chenyewe.

Hapo ndipo mkono wangu wa kulia ulipoanza kuniaibisha. Kwenye pikipiki, vidole vya mkono wa kulia muda wote vinakaa juu ya breki ya mbele. Kwenye bajaji tuliyofundishiwa mkono wa kulia una kazi ya kuongeza moto tu, wala hakuna kishikio chochote cha kubana. Breki iko mguuni, kanyagio moja linalokamata matairi yote matatu. Mwalimu alisema nisimame mbele ya mstari wa chokaa, nami nikabana hewa. Nilibana kwa nguvu kabisa, vidole vikagonga kiganja, na bajaji ikaupita mstari kwa urefu wa mtu mzima kabla mguu haujakumbuka kuwa sasa kazi ni yake. Mkono wa kushoto nao una mambo yake, kwa sababu unabana klachi na kuzungusha gia kwa pamoja, gia ya kwanza ikiwa upande mmoja wa nyutro, na ya pili, ya tatu na ya nne zikiwa upande wa pili. Mguu wangu wa kushoto, uliozoea kunyanyua gia, ulishinda siku nzima ukikanyagakanyaga sakafu bila kazi.

Hayo lakini ni mazoea ya kawaida, na yaliisha kwa siku moja na nusu. Jambo lililonifanya niandike ni hili linalofuata.

Siku ya pili asubuhi tulipangiwa koni nane katika mstari mmoja, tuzipite kwa kupinda kushoto na kulia. Mzunguko wa kwanza tulikwenda kwa gia ya kwanza, taratibu kama mtu anayetafuta namba ya nyumba, na sikugusa koni hata moja. Mzunguko wa pili vivyo hivyo. Mwalimu akazisogeza koni mbalimbali zaidi, akataka tuingie na gia ya tatu kwa mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa. Koni ya kwanza nilitakiwa kuipita kwa kushoto. Nilijitayarisha, nikataka kwenda kushoto, na bajaji ikaenda kulia, moja kwa moja juu ya koni. Nilidhani usukani una kasoro. Nikarudia, nikaangusha mbili. Mwalimu akacheka, akaniuliza nimeendesha pikipiki miaka mingapi, na nilipomjibu akasema ndiyo maana.

Maelezo yake ni haya, na ninawaomba wenye bodaboda wayajaribu leo jioni kwenye barabara iliyo tupu. Pikipiki ikiwa katika mwendo, hukati kona kwa kuuelekeza usukani kule unakokwenda. Unachofanya ni kuusukuma mbele kidogo mkono wa upande unaotaka kwenda: ukisukuma wa kushoto, tairi la mbele linageuka chembe kulia, pikipiki inalalia kushoto, nawe unakwenda kushoto. Hakuna aliyetufundisha, mwili umejifunza wenyewe, na wengi wetu tutabisha kwamba hatufanyi hivyo. Ni pale tu pikipiki inapokwenda polepole sana, kama kwenye foleni, ndipo tunaugeuza usukani kule tunakokwenda. Bajaji hailali. Ukiusukuma mbele mkono wa kushoto wa bajaji, tairi linageuka kulia na chombo chote kinakwenda kulia, papo hapo, bila mjadala.

Sasa tazameni hatari ilipojificha. Kwenye uwanja wa mpira kijiweni, mtu anajifunza kwa gia ya kwanza na ya pili. Kwa mwendo ule mwili wa mwendesha pikipiki bado unageuza usukani kule unakokwenda, kwa hiyo kila kitu kinaonekana sawa, rafiki yake anampongeza, na kesho yake anaingia barabarani. Ule mwili wa pili, wa kusukuma, haujaamka. Utaamka siku atakapokuwa na mwendo, mtoto akachomoka nyuma ya daladala lililosimama, na yeye akataka kumkwepa bila kupata nafasi ya kufikiri.

Nilihitaji siku nne za koni kabla mikono yangu haijaacha. Mwalimu alinipa dawa moja iliyosaidia: niutazame usukani kama mti wa jembe uliolazwa, nivute kwa mkono wa upande ninaokwenda badala ya kusukuma. Nilipoanza kuwaza kuvuta, koni zikabaki zimesimama.

Somo la pili lililonikaa kichwani lilikuwa la kamba. Mwalimu alichukua kamba ya katani, akaizungusha chini kuunganisha matairi matatu pale yanapogusa ardhi, ikatokea pembetatu yenye ncha mbele na upana nyuma. Akasema kwamba bajaji itasimama wima kadiri uzito wake unavyobaki ndani ya kamba. Ukikata kona kwa kasi, uzito unasukumwa nje ya kona. Ukikanyaga breki, uzito unakwenda mbele, kule ambako pembetatu ni nyembamba. Ukifanya yote mawili kwa pamoja, yaani kukanyaga breki katikati ya kona, uzito unakwenda mbele na pembeni kwa mara moja, na hapo ndipo kamba ilipo karibu zaidi. Kwa hiyo breki hukamilika kabla ya kona, usukani ukiwa umenyooka, kisha unaingia na moto mdogo usiobadilika. Na tairi la nyuma la ndani likianza kunyanyuka, unapunguza moto taratibu na kuulegeza usukani kidogo kuelekea kunyooka, ilimradi barabara inaruhusu; kukanyaga breki kwa hofu ni kuimalizia.

Kuna jambo kwenye kamba ile ambalo sikulitegemea. Nilidhani bajaji tupu ndiyo salama zaidi. Dereva akiwa peke yake, anakaa mbele, karibu na ncha, na uzito wake unaisogeza bajaji kwenye sehemu nyembamba. Abiria watatu waliokaa vizuri nyuma wanaurudisha uzito kwenye upana. Yaani yule anayeshusha abiria wa mwisho saa tano usiku na kurudi mbio nyumbani akiwa mtupu anakata kona akiwa na nafasi ndogo kuliko anavyodhani. Kwa breki hali ni kinyume, maana ukiwa na abiria unahitaji umbali mrefu zaidi wa kusimama. Na abiria wa nne, yule tunayempachika pembeni ya dereva, mwalimu hakuhubiri sana juu yake. Alimkalisha mwanafunzi mmoja pale, akaniambia nikate usukani kulia mpaka mwisho. Ulikwama kwenye goti la mwenzangu.

Ili kutufundisha ulaini, aliweka ndoo ya lita kumi kwenye sakafu ya abiria, imejaa maji robo tatu, na kila aliyerudi kutoka kwenye mzunguko alipimiwa kilichobaki. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa miongoni mwetu alirudi na ndoo kama alivyoondoka nayo. Mimi nilirudi na viatu vilivyolowa.

Mashimo nayo yana hesabu yake. Pikipiki ina mstari mmoja wa matairi, gari lina miwili, bajaji ina mitatu. Shimo ambalo mwenye gari analiacha katikati ya matairi yake, wewe unalipiga kwa tairi la mbele. Na lile ulilolikwepa kwa tairi la mbele kwa mazoea ya pikipiki, unaliingiza tairi la nyuma. Kwa kuwa matairi yenyewe ni madogo, shimo ambalo pikipiki inalivuka kwa mtikisiko tu linaweza kuligeuza tairi la mbele la bajaji na kukupokonya usukani. Tulifundishwa kuchagua: kama huwezi kuyapitisha yote matatu salama, punguza mwendo na uliache la nyuma lichukue shimo, kamwe si la mbele.

Kuhusu upungufu wa mafunzo, nitakuwa mkweli. Hatukuendesha usiku hata mara moja. Mvua hatukuipata, na lami ya Dar es Salaam katika dakika kumi za kwanza za mvua, kabla vumbi na mafuta havijaoshwa, ni somo linalostahili siku yake. Badala ya abiria tulipakiwa viroba vya mchanga, na kiroba hakisogei kwenda upande wa dirisha kupunga mkono, wala hakimwambii dereva ashushe hapohapo wakati tayari mmeshapita.

Nakaribisha maswali.

Mzee wa Kijiwe

Mleta uzi, nimekusoma mpaka mwisho na ninakuheshimu kwa kuandika kwa utaratibu, lakini unawatisha vijana bure. Mimi nimeendesha bajaji tangu zile za zamani za kuvuta wenzo ili ziwake, sikufundishwa na mtu, na ninasomesha watoto watatu kwa kazi hiyohiyo. Vyuo hivi vinauza vyeti. Kijana ambaye hana hata fedha ya bima unamwambia akalipe ada ya kukwepa koni, na koni haina haraka ya kuvuka barabara. Barabara ndiyo inayomfundisha mtu.

Rangi Tatu

Shikamoo mzee. Nisingependa kubishana na uzoefu wako, ila niruhusu nikuulize jambo moja: kabla ya bajaji uliendesha pikipiki? Kama ulianzia kwenye bajaji moja kwa moja, basi mikono yako haikuwa na chochote cha kusahau, na huenda ndiyo sababu barabara ilikufundisha vizuri. Hofu yangu haiko kwa asiyejua kitu. Iko kwa sisi tunaokuja na ujuzi wa chombo kingine. Kuhusu vyuo vinavyouza vyeti, hilo ni kweli na nimewahi kutajiwa kimoja ambacho mtu alilipa asubuhi akapokea cheti jioni. Ndiyo maana ninasema mtu akague kwanza kama chuo kina chombo cha matairi matatu cha kufundishia, maana vipo vinavyokufundisha kwa gari dogo na kukuandikia bajaji.

Mzee wa Kijiwe

Marahaba. Kabla ya bajaji nilikuwa utingo wa lori. Pikipiki sijaiendesha mpaka leo. Hapo umenipata, ingawa la ada nabaki nalo.

Fundi wa Tandika

Mimi ni fundi, na ninaongeza upande ambao mleta uzi ameugusa juu juu. Amesema kanyagio moja linakamata matairi yote matatu, jambo ambalo ni kweli pale tu breki zinapokuwa na afya. Hizi ni breki za ngoma zinazosukumwa na mafuta, na kila tairi lina silinda yake ndogo. Silinda ya tairi moja la nyuma ikivuja, lile la upande wa pili linaendelea kukamata, na bajaji inavutwa upande mmoja kila unapokanyaga. Madereva wengi hulizoea hilo, wakaanza kuufidia kwa usukani, na baada ya mwezi hawalioni tena. Kisha siku moja wanafunga breki ya ghafla mikono ikiwa imelegea, wanaletwa kwangu bajaji ikiwa imebebwa juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Tafuta sehemu tambarare isiyo na watu, nenda mwendo wa mtu anayekimbia, legeza mikono bila kuiachia, kisha kanyaga. Ikinyooka ni nzima. Ikivuta, tazama ndani ya tairi la upande ule usiokamata, mara nyingi utakuta umande wa mafuta kwenye ngoma. Jambo lingine ni waya za gia. Zikitanuka, alama iliyo kwenye mshiko inasema uko gia ya pili wakati sanduku liko nyutro, na mwanafunzi anadhani yeye ndiye mjinga. Kama chombo cha chuo ni cha namna hiyo, omba kirekebishwe kabla hujalipa ada ya pili.

Mama Tausi

Kaka mleta uzi, asante kwa maelezo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Bunju, na kikundi chetu cha kuweka akiba kinataka kununua bajaji ya kupeleka watoto shule asubuhi na kuchukua mizigo sokoni mchana. Wenzangu wamenichagua niwe dereva kwa kuwa ndiye pekee ninayejua baiskeli. Sijawahi kuendesha pikipiki hata siku moja. Je, nianze na pikipiki ili nizoee klachi, kisha ndipo niende bajaji? Mume wangu anasema ndiyo njia rahisi. Pia nauliza kama nguvu za mikono zinahitajika, maana nimeona usukani ule unatikisika sana.

Rangi Tatu

Dada yangu, kwa niliyoyaona, usipitie kwenye pikipiki. Nenda bajaji moja kwa moja, na shemeji umwoneshe aya ya koni. Klachi ni ileile kwa mkono wa kushoto, utaizoea kwa siku mbili, na gia hutaijua kwenye pikipiki kwa sababu kule inachezwa kwa mguu. Baiskeli nayo ina lile sukuma la kichinichini, lakini mwendo wake ni mdogo, sidhani kama litakusumbua. Nguvu hazihitajiki, ukiona usukani unatikisika mpaka unakushinda, hilo ni tatizo la bajaji. Katika darasa letu dada pekee aliyekuwepo alikuwa wa kwanza kuruhusiwa kuingia barabara kuu.

Kwa kuwa mnakusudia kuchanganya watoto na mizigo, ningewashauri pia msinunue guta kwa kuvutiwa na bei. Tulilofundishiwa lilikuwa na mbele ya pikipiki kamili, gia za mguuni na breki ya mkononi, na nyuma bodi la wazi la mizigo. Ni chombo kingine kabisa chenye kozi yake ndani ya kozi: mzigo ukipangwa nyuma ya ekseli, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii, hasa ukipanda mlima; mzigo ukirundikwa juu, unarudi kwenye habari ya kamba. Watu hawapandi pale.

Abuu wa Makupa

Salamu kutoka Mombasa. Huku tunaziita tuktuk, na bila hizo mji wa kale hauingiliki, kwa kuwa vichochoro vyake gari haliwezi kugeuka. Kwetu Kenya leseni ya matairi matatu iko daraja A3, pamoja na pikipiki za abiria na za kusafirisha vifurushi, hivyo mwanafunzi wa bodaboda na wa tuktuk wanakaa darasa moja. Baada ya kusoma uzi huu naona hapo pana kasoro, maana mwalimu wangu alitufundisha sote kwa pikipiki, akaniambia tuktuk ni hiyohiyo ila haianguki. Wiki yangu ya kwanza kazini nilipinda kuingia Digo Road na tairi la ndani likanyanyuka. Abiria wangu, bibi mmoja mwenye kikapu cha samaki, ndiye aliyeegemea ndani na kuirudisha chini. Alipofika alilipa nauli yote, akaniambia mwanangu, mimi nimepanda hizi kabla hujazaliwa, usinipande nazo kichwani.

Msafiri wa Minnesota

Niko Marekani kwa miaka kadhaa, na nimeona niongeze neno kwa kuwa nilifuata mafunzo kama hayo huku. Shirika la Motorcycle Safety Foundation lina kozi ya matairi matatu iliyotengwa na ile ya pikipiki, na yapo majimbo ambayo ukifanyia mtihani chombo cha matairi matatu leseni yako inaishia hapohapo, huruhusiwi kupanda pikipiki ya matairi mawili. Vyombo vya huku lakini si vya abiria. Ni vya starehe, na vingi, kama Can-Am Spyder niliyojifunzia, vina matairi mawili mbele na moja nyuma, kwa hiyo ile pembetatu ya kamba imegeuzwa, upana uko mbele. Breki ndani ya kona inakusamehe zaidi kuliko kwenye bajaji. Niliporudi Dar es Salaam likizo, nikajaribu bajaji ya binamu yangu kwa kujiamini kupita kiasi, na nilifika kwenye kona ya kwanza nikiwa bado nimekanyaga breki. Sikuanguka, ila binamu aliuchukua ufunguo. Ile habari ya kusukuma na kuvuta usukani, hata hivyo, tulifundishwa vilevile neno kwa neno, na waliohangaika zaidi darasani walikuwa wazee wenye miaka thelathini ya pikipiki.

Mzee wa Kijiwe

Wazee tena. Haya.

Mama Tausi

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tano kama nilivyojiahidi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye bajaji, nimemaliza kozi na jana nimefanya mtihani mbele ya askari wa usalama barabarani, nikafaulu. Kwenye koni sikuangusha hata moja kwa mwendo wowote. Waliokuwa wakiziangusha ni kaka wawili wa bodaboda kutoka Boko, na mmoja wao alisimama akakagua usukani kama kaka Rangi Tatu alivyofanya. Nikamsomea uzi huu wakati wa chai. Ndoo ya maji hatukuwa nayo, nikamwomba mwalimu akaikubali, lakini tulitumia sufuria ya mpishi na mpishi hakupendezwa.

Shida yangu mimi ilikuwa kurudi nyuma. Ukishavuta wenzo wa rivasi na kuweka gia ya kwanza, bajaji inarudi vizuri, lakini kila nikitazama kioo cha kulia, nyuma ya bajaji inakwenda kushoto. Mtihani niliupita kwa sababu nafasi ilikuwa kubwa. Nyumbani geti letu ni jembamba na pembeni kuna karo la maji machafu. Mnafanyaje?

Rangi Tatu

Hongera sana dada, na hongera kwa kikundi chote. Kwenye geti jembamba usitegemee kioo kimoja. Unapotazama cha kulia, huenda mkono unausogeza usukani bila wewe kujua, na nyuma inakimbilia kushoto. Kabla hujavuta wenzo, shuka uzunguke bajaji, kisha panga usukani uwe umenyooka kabisa ukiwa umesimama. Rudi kwa klachi tu, bila moto, hatua mbili, simama, tazama vioo vyote viwili, hatua mbili tena. Bajaji ina upana wa mita 1.3 hivi, kwa hiyo chora mistari miwili ya chokaa getini yenye nafasi zaidi kidogo ya hapo, ufanye mazoezi kila asubuhi kabla watoto hawajapanda. Na karo lifunikwe kwanza.